Chumba cha Mama na Rangi ya Feruzi

Mama yetu alipowasili Ngamiani, Tanga, akitokea Pangani, tulimshika mkono tukamwingiza katika chumba tulichokuwa tumekitengeneza kwa ajili yake kwa muda wa majuma mawili. Tulikuwa tumekipaka rangi chote: kuta nne, mlango, miimo yake, hata mbao za dirisha, vyote kwa rangi moja ya buluu yenye kuelekea kijani, isiyokoza sana wala kufifia, mithili ya maji ya bahari ya kina kifupi jua likiwa limepanda. Tulisimama nyuma yake tukingoja aseme neno. Akaunyosha mkono, akaupapasa ukuta kama apapasaye kitambaa dukani, kisha akauliza kwa upole: “Wanangu, mbona mmenipaka majivu?”

Tulidhani ni mzaha wa mtu mzima asiyependa kuhamishwa kwake. Dada yetu, aliyeichagua rangi ile, alinuna hadi jioni. Walakini usiku wa tatu Mama aliamka kabla ya Alfajiri ili akatawadhe. Ana mazoea ya kuambaa na ukuta kwa kiganja hadi afike mlangoni. Lakini usiku ule mlango, miimo na ukuta vilikuwa kitu kimoja machoni pake, akaupita mlango, akajikwaa katika mguu wa kabati, akaanguka. Alhamdulillah, mfupa haukuvunjika. Kifundo cha mkono kilivimba, na kwa siku kumi tukawa tunamlisha, jambo lililomuumiza kuliko uvimbe wenyewe.

Ndugu msomaji, aghalabu nyumba zetu hupakwa rangi Ramadhani inapokaribia, au harusi inapokuwa mlangoni, au mgeni wa heshima anapotarajiwa. Katika haraka ile mtu hutazama picha katika simu, huipenda rangi, huituma dukani, na fundi huipaka. Rangi hii ya bahari ni miongoni mwa zile zinazopendeza mno katika picha na kuleta majuto mengi ukutani. Sisi tumeipaka mara mbili katika chumba kimoja, mara ya kwanza kwa kukosea, na tuliyojifunza baina ya mara hizo mbili ndiyo tunayoyaleta hapa.

Tuanze na jina, maana kosa letu la kwanza lilianzia hapo. Mafundi wengi huiita bluu bahari, na jina hilo hilo hulitumia kwa rangi ya mbingu. Basi anayeagiza kwa jina tupu hupata bahati yake. Kiswahili kina neno feruzi, lililotufikia kutoka kwa Waajemi, nalo kwa asili ni jina la kito ambacho tangu zama za kale huchimbwa karibu na Nishapur. Kito hicho kina buluu yake kwa sababu ya shaba iliyomo ndani yake. Pwani yetu imeijua rangi hii muda mrefu kabla ya makopo ya dukani. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Manda, Shanga, Unguja Ukuu na kwingineko vigae vya mitungi mikubwa yenye mng'aro wa feruzi, iliyofinyangwa kusini mwa Iraki na kuletwa kwa vyombo vya bahari katika karne za 8 hadi 10. Wafinyanzi wale nao waliipata rangi kwa kutia shaba katika mng'aro. Na rangi ya kopo ya leo, kiini chake aghalabu ni thalosianini, mchanganyiko wa viwandani ulioanza kuuzwa mwaka 1935, ambao katikati ya chembe yake imo shaba tena. Kito, mtungi na kopo, vyote vimekunywa katika kisima kimoja.

Lakini watu wa kale wa pwani waliiweka wapi buluu yao? Aliyewahi kuingia katika nyumba kongwe za mawe za Lamu ameona ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vijishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, na ndani yake sahani na mabakuli ya kauri. Ukuta ni mweupe kama maziwa, buluu imekaa kidakani. Chumba kile kina kiza cha kupumzisha macho, lakini weupe wa chokaa huuchukua mwanga mdogo unaopenya kutoka kiwandani na kuufikisha hadi ndani, na kile kibakuli kimoja cha buluu huonekana kutoka mlango wa pili. Sisi tulifanya kinyume kabisa: tulikichukua kilicho cha kidakani tukakivika kuta nne, kisha tukashangaa chumba kilivyozama.

Hata bibi yetu, mzaa mama, alikuwa mjuzi kuliko sisi. Kila mwaka alikuwa akikoroga chokaa katika karai na kuitia kibonge cha buluu ya kufulia, kidogo tu, kiasi cha chokaa kupoteza umanjano wake na kuwa na ubaridi wa machoni. Tulipokuwa watoto tulidhani ni ubahili. Kumbe buluu ile ya kufulia ina tabia ya kuvumilia ukali wa chokaa, ilhali buluu nyingine huungua na kupauka zikichanganywa nayo. Bibi hakuyajua maneno ya kemia, ila alijua ipi hubaki na ipi hutoroka.

Sasa tuyaeleze makosa yetu bila kuyapamba. Dada yetu aliichagua rangi kutoka katika kadi ya dukani yenye vipande vidogo kama ukucha, chini ya taa ya mrija yenye mwanga mweupe wa baridi. Kipande kidogo huidanganya jicho. Rangi ikishaenea kuta nne, kila ukuta humrushia mwenzake rangi yake, nao humrudishia, hata ikaonekana imekoza kuliko ilivyo katika kopo. Mafundi wazoefu husema ukiipenda rangi ya wastani katika kadi, nunua ile iliyo hatua moja au mbili juu yake kwa weupe. Hatukuuliza, na sisi si watu wa kuulizauliza tunapokuwa na haraka.

Tena tulichagua rangi yenye mng'aro, kwa hoja kwamba husafishika kwa urahisi. Ni kweli husafishika. Lakini ukuta wenye mng'aro huonyesha kila bonde na kila kilima cha lipu, na mchana dirisha lilijitazama ukutani kama katika kioo, likamwaga mwako katika macho ya mgonjwa. Mng'aro ni wa jikoni na bafuni. Chumba cha kulala na ukumbi vinataka rangi iliyotulia.

Kosa kubwa, lililomwangusha Mama, lilikuwa la mlango. Tulikuwa tumeona katika picha za nyumba za Ulaya kwamba siku hizi mlango na miimo hupakwa rangi moja na ukuta ili chumba kionekane kikubwa. Na mlango wenyewe ulikuwa wa mninga, kazi ya babu wa jirani yetu, mbao nzito zenye mishipa ya rangi ya hudhurungi na dhahabu. Tuliufunika kwa mikono miwili ya rangi ya bahari. Tukilitafakari jambo hilo hata leo, tunaona haya.

Kuhusu mwanga, hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo rangi hii inapotofautiana na nyinginezo. Nyeupe ni nyeupe asubuhi na jioni, kwa kiasi fulani. Feruzi imesimama mpakani mwa buluu na kijani, na kila badiliko la mwanga huisukuma upande mmoja. Majarida ya Ulaya humwonya msomaji dhidi ya chumba kinachotazama kaskazini, kwamba mwanga wake ni baridi na buluu itakufa humo. Onyo hilo si la kwetu. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta; katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba hupita kusini, hivyo hakuna ukuta unaosahauliwa mwaka mzima. Kwetu sisi lililo muhimu ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupata jua la asubuhi, kisha hukaa na mwanga wa kivuli kutwa nzima, na feruzi humo huelekea buluu. Chumba cha magharibi hupokea jua la alasiri lenye umanjano, na feruzi ile ile huwa kijani bila kuomba ruhusa.

Kisha kuna majirani wa dirisha. Nje ya chumba cha Mama pana mwarobaini mkubwa. Majani yake huchuja jua na kuingiza ndani mwanga wa kijani, na saa za mchana ukuta wetu ulikuwa na rangi ya maji ya bwawa. Mwenye dirisha linalotazama bati jekundu la jirani, au ukuta wa matofali ya kuchoma, ataona mengine.

Usiku ni habari ya balbu. Boksi la balbu huandikwa tarakimu na herufi K: 2700 au 3000 ni mwanga wa kimanjano, 4000 ni wa kati, na 6500 ni ule mweupe wa baridi unaouzwa sana katika maduka yetu. Chini ya 6500 feruzi hugeuka chumba cha kusubiria daktari, na nyuso za watu huonekana kama hazina damu. Chini ya 2700 hugeuka kijani kilichochoka. Sisi tumetulia katika 4000 kwa taa ya dari, na 3000 kwa taa ndogo ya kando ya kitanda, na gharama ya kubadilisha balbu mbili ilikuwa ndogo kuliko kopo la rangi.

Baada ya Mama kuanguka tulimpeleka kwa daktari wa macho. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alitueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: lenzi ya jicho la mtu mzima huingia umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na mtoto wa jicho huuzidisha hata ikawa kahawia. Lenzi ya namna hiyo huchuja mwanga wa buluu kabla haujafika ndani ya jicho. Nyekundu na manjano huendelea kuonekana kwa kiasi, lakini buluu hufifia, na buluu iliyochanganywa na nyeupe, kama hii ya kwetu, hugeuka kijivu. Mama hakuwa akitutania. Alikuwa akitueleza kwa usahihi alichokiona, na sisi wenye macho mazima ndio tuliokuwa hatuoni.

Akatuambia pia kwamba kwa mtu wa namna hiyo, kinachomwongoza chumbani si jina la rangi bali tofauti ya weupe na weusi. Mlango mweusi katika ukuta mweupe huonekana hata na jicho lililofunikwa na ukungu. Mlango wa feruzi katika ukuta wa feruzi haupo. Kwa hiyo aliye na mzazi mkongwe nyumbani, kabla hajauliza rangi gani inapendeza, na autazame mlango, ukingo wa ngazi, swichi ya taa na kiti cha choo, na ajiulize kama vinajitenga na vilivyo nyuma yake. Njia nyepesi ya kupima ni kupiga picha ya chumba kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Tulipoipiga picha ya chumba kile, mlango ulipotea.

Tukamwita fundi mwingine, mzee wa makamo aliyeanza kazi ya brashi akiwa kijana. Alipoingia alimwamkia Mama, “Shikamoo Bi Mkubwa,” kisha hakuzitazama kuta kwanza, alilitazama dirisha. Baadaye akagonga ukuta wa upande wa bafu kwa kifundo cha kidole, akaukwangua kwa ukucha, unga mweupe ukamwagika. “Huu unatoa chumvi,” akasema. “Mtapaka kila mwaka na kila mwaka utawavua nguo.”

Wakazi wa pwani wanayajua haya. Unyevu hupanda kutoka msingini au huvuja kutoka bomba, huyeyusha chumvi iliyo katika tofali na lipu, na ukifika juu hukauka na kuiacha chumvi ikisukuma rangi. Wengi huuosha unga ule kwa maji, nayo ni kuirudisha chumvi ndani. Dawa ni kuutafuta unyevu na kuukata, kuuacha ukuta ukauke barabara, kisha kuusugua kwa brashi kavu. Kwetu bomba la bafu lilikuwa likivuja kimyakimya. Tulilitengeneza, tukaingoja lipu ile wiki tano bila kuigusa. Na aliyepiga lipu mpya ya saruji naye asipake kabla ya wiki nne, hata kama mashehe wa harusi wamekwisha alikwa.

Hapa tuna jambo moja la kusisitiza kwa wazazi. Katika nyumba nyingi za zamani, kuta za ukumbi zilipakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na milango vilevile. Rangi za mafuta za zamani, na baadhi zinazouzwa hata sasa katika nchi mbalimbali, zina madini ya risasi. Mtoto akilivuta vumbi lake au kulila kwa vidole, ubongo wake hudhurika, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Fundi wetu wa kwanza alikuwa ameusugua mlango kwa msasa mkavu, vumbi likatanda ukumbini, na wajukuu wakacheza humo. Kama hujui rangi iliyopo ni ya enzi gani, isuguliwe kwa msasa wa maji, watoto na wajawazito wakae nyumba nyingine siku hiyo, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, si kufagiwa. Dukani, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni kisizidi sehemu 90 katika milioni.

Fundi yule alikataa kuagiza rangi siku ile. Alinunua kopo dogo la lita moja, akapaka kipande cha hadibodi cha mita moja kwa nusu mita, mikono miwili, akatuachia. Amri yake ilikuwa kwamba tukisimamishe ukutani na kukitazama baada ya Alfajiri, kisha Adhuhuri, kisha Alasiri, kisha baada ya Isha taa zikiwa zimewashwa, na tukihamishe ukuta hadi ukuta kwa siku mbili. Tulifanya hivyo kwa rangi tatu zilizokaribiana. Moja ilikuwa nzuri asubuhi na mbaya jioni. Ya pili ilikuwa nzuri kila saa isipokuwa karibu na pazia letu. Ya tatu tuliichukua. Rangi hii ilikuwa na tone la kijivu ndani yake, na dukani tungeipita bila kuitazama. Lakini ukutani, mbele ya mwarobaini, ndiyo iliyosimama imara.

Juu ya kiasi, hesabu hii ingetuokoa fedha. Chumba kina mita 4 kwa 3.5 na kimo cha mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 15, mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha mawili, kama 5, zinabaki 37. Lita moja ya rangi ya maji iliyo nzuri hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita saba na nusu hivi. Sisi tulikuwa tumenunua ndoo ya lita 20, na zaidi ya nusu yake ilikauka stoo. Israfu ya rangi ni israfu kama ya chakula, ila hainuki. Mara ya pili tulipaka feruzi ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na kitanda, ambao ni mita za mraba 11 na kidogo, na kopo la lita 4 lilitosha na kubaki.

Kuta tatu nyingine tulizipaka nyeupe yenye tone la maziwa, si ile nyeupe kali ya karatasi, maana nyeupe kali mbele ya feruzi huifanya nayo ikali. Dari ikawa nyeupe. Kuhusu mlango, kijana wa seremala alikesha nao siku tatu uani akiuvua rangi kwa dawa, na mninga ukatoka kama mtu aliyetolewa kisimani. Akaupaka vanishi isiyong'aa. Hapo ndipo tulipouona uzuri wenyewe wa rangi hii: feruzi na wekundu wa mbao ni mahasimu katika duara la rangi, na mahasimu hao wakikaa pamoja kila mmoja humzidishia mwenzake uhai. Samani za mninga, sinia la shaba, chungu cha udongo, mkeka wa ukindu uliotiwa wekundu, vyote hivyo nyumba nyingi zinavyo tayari, na hakuna haja ya kununua kitu kipya. Vitambaa vyeupe vya kufuma vya makochi, ambavyo vijana siku hizi wanavionea haya, mbele ya ukuta wa namna hii hurudi kuwa na heshima yake.

Kinachotushinda ni mtindo wa makochi ya kijivu, kapeti la kijivu na feruzi ukutani, na juu ya yote dari ya jipsamu yenye utepe wa taa za buluu. Wenye vyumba vya namna hiyo watusamehe. Sisi tukiingia humo hutafuta shuka.

Katika ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, ule mrefu unaokata nyumba kutoka barazani hadi uani, feruzi kuta zote mbili hukifanya kijia kuwa mfereji. Ni afadhali ipakwe ukuta wa mwisho tu, ule unaomkabili aingiaye. Jikoni inafaa nyuma ya rafu za sahani, kwa rangi yenye mng'aro. Chumba cha watoto inafaa nusu ya chini, ambako mikono michafu hufika, na nyeupe juu yake.

Mama aliingia tena chumbani mwake mwishoni mwa mwezi ule. Ukuta wa feruzi bado aliuita majivu. Lakini aliuona mlango akiwa kitandani, akaunyoshea kidole, akasema, “Ule ndio mlango,” kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Hajaanguka tangu siku hiyo.

Miezi miwili baadaye alipasuliwa jicho la kulia, akawekewa lenzi mpya, angavu. Kesho yake bandeji iliondolewa, tukamrudisha nyumbani kabla ya Adhuhuri. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kwa siku za mwanzo buluu itamjia kwa wingi mno. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet, aliyepasuliwa jicho mwaka 1923, alilalamikia jambo hilo hilo. Mama hakulalamika. Aliketi kitandani, akauelekea ukuta, akanyamaza kimya muda mrefu hata dada yetu akaanza kutapatapa mlangoni. Kisha akalifunika jicho la kulia kwa kiganja, akalifunua, akalifunika la kushoto, akalifunua.

“Huku majivu,” akasema. “Huku bahari. Si ya mdomoni mwa mto, pale maji ni udongo. Ni ile ya mbele, ukishapita mkondo.”

Alilirudia jambo hilo la kufunika na kufunua mara nyingi siku ile, na kila mjukuu aliyeingia alisimuliwa habari ya majivu na bahari. Jioni, baada ya Magharibi, alituita sote. Tulidhani anataka kutuombea dua. Alikuwa amekaza jicho jipya juu ya dirisha, mahali ambapo sisi wenye macho mazima tumepatazama kwa miezi miwili pasi na kuona kitu.

“Pale juu, rola haikufika,” akasema. “Pana mstari. Na buibui yule juu ya kabati ana watoto. Mwiteni fundi.”

Fundi alikuja siku ya pili na kopo lililobaki, akapanda ngazi, na Mama akawa anamwelekeza kutoka kitandani. “Kushoto, fundi. Hapana, kushoto kwangu.”